Ujuzi wa Mfanyakazi wa Mafuta na Gesi ni Mali ya Nani?

Kila mara mradi mkubwa wa mafuta au gesi unapotangazwa, swali la kwanza la wananchi huwa moja: utaleta ajira ngapi? Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Liko swali la pili ambalo kada hana budi kulijua na kulifundisha: mradi ukimalizika, mfanyakazi atabaki na nini mikononi mwake?

Katika makala hii tunakusudia kueleza jambo hilo kwa kuutazama mfano wa nchi yetu wenyewe. Dunia imeanza kujenga kile kinachoitwa uchumi wa kijani, yaani uchumi unaozalisha bila kuijaza anga gesi zinazoongeza joto la dunia. Tanzania kwa upande wake ina gesi nyingi ambayo bado iko chini ya bahari. Hoja yetu ni kwamba katika hali hii akiba kubwa kuliko gesi yenyewe ni ujuzi. Lakini ujuzi utakuwa akiba pale tu utakapokuwa mali ya mfanyakazi na ya taifa, sio mali ya mradi.

MIGONGANO MIWILI

Ili kulielewa suala hili tunapaswa kwanza kuitambua migongano miwili iliyomo ndani yake.

Mgongano wa kwanza ni kati ya hali yetu na mwelekeo wa dunia. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) liliundwa mwaka 1969. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na ile ya Mnazi Bay mwaka 1982. Lakini gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam kuzalisha umeme mwaka 2004, yaani miaka 30 baada ya kugunduliwa. Bomba kubwa kutoka Madimba, Mtwara, hadi Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015. Ugunduzi wa kina kirefu baharini uliofanyika kuanzia mwaka 2010 umefikisha makadirio ya gesi yote kwenye takriban futi za ujazo trilioni 57, na mazungumzo ya mradi wa kuisindika gesi hiyo huko Lindi yamechukua miaka mingi.

Wakati sisi tukijiandaa kuuza, wanunuzi wanajiandaa kupunguza kununua. Mwaka 2015 mataifa yalifikia Mkataba wa Paris. Mwaka 2023, katika mkutano wa Dubai, yalikubaliana kuanza kuachana hatua kwa hatua na makaa ya mawe, mafuta na gesi katika mifumo yao ya nishati. Makubaliano ni jambo moja na utekelezaji ni jambo jingine, na visima vya dunia havitafungwa kesho asubuhi. Hata hivyo mwelekeo unaonekana, na mtu anayepanga mafunzo ya vijana hana haki ya kujifanya haoni.

Mgongano wa pili ni kati ya umri wa mradi na umri wa mfanyakazi. Huu hausemwi sana, na ndio unaomgusa mfanyakazi moja kwa moja. Kwa hiyo tuufafanue zaidi.

UMRI WA MRADI NA UMRI WA MFANYAKAZI

Tuchukue mfano wa Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki. Bomba hili linatoka Kabaale, Hoima, nchini Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, na kati ya hizo kilomita 1,147 ziko Tanzania, zikipita katika mikoa minane. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, na yakipoa huganda. Kwa sababu hiyo bomba limesanifiwa kufunikwa kwa tabaka la kuzuia joto lisipotee na kupashwa moto kwa umeme, ili mafuta yabaki kwenye nyuzi 50 au zaidi. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulifanywa Februari 2022, na mwaka 2024 kilizinduliwa kiwanda cha Sojo, wilayani Nzega, kwa kazi ya kuyafunika mabomba hayo.

Kazi ya namna hii ina vipindi viwili. Kipindi cha ujenzi huhitaji maelfu ya watu: wachimba mitaro, madereva, wapishi, walinzi, mafundi wa kuchomelea vyuma, waendesha kreni. Kipindi hicho ni cha miaka michache. Kisha huja kipindi cha uendeshaji, ambacho ni kirefu lakini huhitaji watu wachache wenye ujuzi wa juu: wa pampu, wa umeme, wa vipimo, wa chumba cha uongozaji mitambo. Kiwanda cha kufunika mabomba hakina bomba la kufunika baada ya bomba la mwisho kufukiwa.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Kijana aliyeajiriwa mwaka 2026 akiwa na miaka 20 atafikia umri wa kustaafu, miaka 60, mwaka 2066. Ujenzi ukimpa kazi kwa miaka mitatu, anabakiwa na miaka 37. Hata akibahatika kuingia katika uendeshaji, mradi kama huu hukadiriwa kuhudumu kwa miaka 25 hivi. Utakapomalizika atakuwa bado ana nguvu, ana watoto shuleni na ana miaka 12 hivi ya kufanya kazi. Iwapo alichofundishwa ni kubonyeza kitufe kimoja cha mtambo mmoja wa kampuni moja, siku mtambo ukizimwa naye amezimwa.

Mabadiliko yenyewe si lazima yasubiri miaka 25. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi mwaka 1968. Kwa miongo mingi lilipeleka mafuta ghafi yakasafishwe katika kiwanda cha Indeni. Kiwanda hicho kilisimamisha usafishaji mwishoni mwa mwaka 2021, na mwaka 2023 bomba likaanza kupeleka dizeli iliyokwisha kusafishwa. Chuma ni kile kile, lakini kazi imebadilika. Dizeli inayopita bombani lazima ifike na ubora wake, kwa hiyo upimaji wa sampuli na ulinzi dhidi ya uvujaji na wizi vinapata uzito mpya. Aliyekuwa anajua namna bomba lo lote linavyofanya kazi anaweza kujifunza kazi hiyo mpya. Aliyekuwa anajua mtambo wa kusafishia peke yake hana mtambo. Hapa nyumbani pia, kiwanda cha TIPER cha Kigamboni kilichofunguliwa mwaka 1966 kiliacha kusafisha mafuta mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo kinatumika kuhifadhi mafuta. Mafuta huwekwa akiba ndani ya tangi. Ujuzi hauwekwi akiba namna hiyo, kwani usipotumika na kurithishwa hupotea.

FUNZO KUTOKA SKOTLANDI

Tunaweza kujifunza kwa waliotangulia. Huko Skotlandi, Uingereza, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Grangemouth kilifunguliwa mwaka 1924. Mwezi Aprili 2025 kiliacha kusafisha mafuta ghafi baada ya karne nzima, na zaidi ya ajira 400 zilikuwa zimewekwa katika orodha ya kupotea.

Jambo la kutafakari ni hili. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Robert Gordon, kilichoko Aberdeen, kilitoa utafiti kuhusu wafanyakazi wa mafuta na gesi wa Uingereza. Utafiti huo ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 kati yao walikuwa na ujuzi unaoweza kuhamishiwa katika kazi nyingine za nishati kwa kiwango cha kati au cha juu. Kama ujuzi unahamishika, mbona wafanyakazi wanapoteza kazi?

Jibu ni kwamba ujuzi kuwa na uwezo wa kuhama hakutoshi. Kwanza, lazima pawepo mahali pa kuhamia, na kazi mpya iwe imeanza kabla ya ile ya zamani kufungwa. Mfanyakazi hawezi kula ahadi ya kiwanda kitakachojengwa baada ya miaka mitano. Pili, lazima ujuzi wake utambulike huko aendako. Katika Bahari ya Kaskazini wafanyakazi walilalamika kwa miaka mingi kwamba cheti cha usalama cha jukwaa la mafuta hakikukubalika kwenye mitambo ya upepo, hata pale mafunzo yalipokuwa karibu sawa. Ikambidi mtu alipie mafunzo mara ya pili. Mwaka 2025 tu ndipo vyama vya waajiri wa pande zote mbili vilipozindua pasi ya ujuzi wa nishati ili kuviunganisha vyeti hivyo.

Nchi iliyochimba mafuta ya bahari kwa nusu karne ilifikia hatua hiyo ikiwa imechelewa. Sisi ndio kwanza tunaanza, na faida ya anayeanza ni kuweza kupanga kabla ya maji kuzidi unga.

UJUZI WA MSINGI

Ni ujuzi gani basi unaostahili kufundishwa? Tunatofautisha baina ya ujuzi wa kibarua na ujuzi wa msingi. Ujuzi wa kibarua ni kujua kutenda kitendo kimoja unapoelekezwa. Ujuzi wa msingi ni kujua kwa nini kitendo hicho kinafanyika, ili kazi ikibadilika uweze kubadilika nayo. Tutaje maeneo matano.

Kwanza, uchomeleaji wa mabomba. Kuchomelea geti la nyumba ni kazi moja na kuchomelea bomba la gesi ni kazi nyingine. Katika mtihani wa juu wa fani hii bomba hufungwa likiwa limeinama nyuzi 45, lisigeuzwe, na fundi hulizunguka mwenyewe, mara akichomelea kwa chini, mara kwa juu. Kisha kiungo hupigwa picha ya eksirei au kupimwa kwa mawimbi ya sauti, na tundu dogo lisiloonekana kwa macho humfelisha. Aliyeuweza mtihani huo anaweza kuchomelea bomba la mvuke wa jotoardhi, njia za maji za bwawa la umeme au nguzo ya mtambo wa upepo. Akielewa pia tabia ya chuma, atajua kwa nini haidrojeni, gesi inayotazamiwa kutumika katika uchumi wa kijani, huweza kupenya ndani ya chuma na kukifanya kipasuke kwa urahisi, na kwa nini si kila bomba la gesi asilia linafaa kuibeba.

Pili, uchorongaji wa visima. Mtambo unaochoronga kisima cha mafuta ni ndugu wa mtambo unaochoronga kisima cha jotoardhi. Tope la kupoza na kusafisha kisima, saruji ya kushikiza mabomba na vali za kuzuia mlipuko, vyote vimo katika kazi zote mbili. Tofauti ni kwamba joto la jotoardhi hupita nyuzi 200, kwa hiyo saruji na vifaa lazima vihimili joto hilo. Jirani zetu Wakenya walianza kuzalisha umeme wa jotoardhi huko Olkaria mwaka 1981. Baada ya kuchoronga kwao kwa miaka mingi, shirika lao la KenGen limechukua kandarasi za kuchoronga visima nchini Ethiopia na Djibouti. Hilo ni taifa linalouza ujuzi, wala halikuhitaji kuuza pipa la mafuta ili kuupata. Nasi tunayo Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi iliyoundwa mwaka 2013, na maeneo ya Ngozi na Kiejo-Mbaka mkoani Mbeya. Vijana wanaojifunza kuchoronga gesi wanapaswa kujua njia ya kwenda Mbeya.

Tatu, vipimo na udhibiti. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani. Ikivuja bila kuungua, katika kipindi cha miaka 20 huongeza joto la dunia zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa ya uzito ule ule. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni za methani zinazogusa hata mafuta na gesi inayoingizwa kutoka nje. Maana yake ni kwamba muuzaji ataulizwa: umepima? Kwa hiyo fundi anayejua kutafuta uvujaji, kuusoma, kuuziba na kuuandikia taarifa analinda hewa, analinda mapato ya nchi na analinda maisha ya wenzake kwa kazi hiyo hiyo moja. Ujuzi wake utatakiwa hata baada ya uzalishaji kukoma, kwani visima vilivyofungwa lazima viendelee kuangaliwa.

Nne, umeme na mashine zinazozunguka, yaani pampu, kompresa, jenereta na turbini. Anayejua kupanga mhimili wa mashine, kusikiliza mtetemo wake na kubadili beringi kabla haijavunjika anafaa katika kituo cha gesi cha Kinyerezi, na anafaa pia katika Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115.

Tano, usalama. Watu wengi huliona somo hili kama nyongeza, ilhali ndilo linalozishikilia fani nyingine zote. Kibali cha kazi kabla ya kugusa mtambo, kufuli juu ya swichi ili mwingine asiwashe umeme wakati mwenzake yumo ndani, kupima hewa kabla ya kuingia tangini: tabia hizi hujengwa kwa mazoezi. Zinahitajika hata mtaani. Bajaji inayotumia gesi asilia jijini Dar es Salaam hubeba mtungi wenye mgandamizo unaofikia takriban mara 200 ya ule wa hewa ya kawaida. Fundi wa gereji anayeufunga mtungi huo ni mfanyakazi wa sekta ya gesi, ajue asijue. Ni hivyo hivyo kwa wasambazaji wa mitungi ya kupikia, na taifa limejiwekea lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi kwa nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034.

HOJA MBILI ZINAZOPINGA

Wapo watakaosema: sisi hatukuchafua anga, waliochafua ni mataifa ya viwanda. Kwa nini tuharakishe kuwaandaa watu kwa uchumi wa kijani kabla hatujafaidi gesi yetu? Sehemu ya kwanza ya hoja hii ni kweli tupu. Mchango wa Afrika katika uchafuzi huo ni mdogo, na tuna haki ya kutumia gesi kwa umeme, mbolea na kupikia. Lakini soko la dunia haliongozwi na haki. Litaacha kununua siku litakapotaka, bila kutuuliza kama tumekwisha kufaidi. Kumwandaa mfanyakazi ni kukataa kuitegemea hisani ya soko. Wahenga wamesema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Wengine watasema: kampuni inataka fundi mwezi ujao, haiwezi kungoja miaka mitatu ya elimu pana. Nayo ni kweli kwa upande wa kampuni, kwa kuwa hesabu ya kampuni inaishia mwisho wa mkataba. Hesabu ya taifa inaanzia hapo. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, pamoja na kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania za mwaka 2017, zinazitaka kampuni kuajiri na kufundisha wananchi. Lakini sheria hupimwa kwa namna inavyotekelezwa. Mafunzo ya siku tatu ya kuvaa kofia ngumu yanaweza kuandikwa katika taarifa kama mafunzo. Tofauti ataijua yule tu anayeuliza: yamefundishwa nini, na cheti chake kinakubalika wapi?

Tusisahau yaliyotokea Mtwara mwaka 2013, Januari na tena Mei. Wananchi walipinga gesi kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, ghasia zikazuka, na watu wakapoteza maisha. Zipo sababu nyingi zilizochangia, lakini kiini chake kilikuwa swali lisilopata jibu la kuridhisha kwa wakati: sisi tunaoishi juu ya mali hii tutabaki na nini? Bomba hupita, na umeme hutumika mbali. Kati ya vitu ambavyo haviwezi kuondolewa Mtwara kwa bomba, cha kwanza ni ujuzi ulio katika mikono ya kijana wa Mtwara.

WAJIBU WETU

Kada si mhandisi, wala hatarajiwi kuwa mhandisi. Wajibu wake ni kuuliza maswali yanayostahili na kuwafundisha wananchi kuyauliza. Kwa kila mradi wa mafuta au gesi ulioko katika eneo lake, ahakikishe mambo haya manne yanapatiwa majibu.

Kwanza, je, kijana anafundishwa fani au kitendo? Tangu VETA ianzishwe kwa sheria ya mwaka 1994 tunacho chombo cha kufundishia fani. Mafunzo ya mradi yapitie humo, yasiishie nyuma ya uzio wa kampuni.

Pili, je, mfanyakazi anaondoka na ushahidi? Kila mmoja awe na daftari la ujuzi linaloonyesha kazi alizofanya, mitambo aliyoishika na mitihani aliyofaulu, likiwa na sahihi ya msimamizi. Mali bila daftari huisha bila habari, na ujuzi ni mali.

Tatu, je, mafundisho yanaeleweka? Maelekezo ya usalama yawepo kwa Kiswahili chepesi na sahihi. Fundi anayetia sahihi kibali asichokielewa hajalindwa. Kinacholindwa hapo ni kampuni, isije ikalaumiwa.

Nne, je, upo mpango wa siku ya mwisho? Mpango huo uandikwe siku ya kwanza: nani atahamia wapi, kwa mafunzo gani na kwa gharama ya nani. Na wanawake wahesabiwe ndani ya mpango huo kama mafundi, si kama wapishi wa kambi pekee.

Mwalimu alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, nchi yetu haikuwa na kisima kimoja cha gesi. Lakini suala alilolishughulikia ndilo hili hili: elimu imwandae mtu kuitumikia jamii anamoishi, akiwa na akili ya kudadisi, asiwe chombo cha mwingine. Gesi iko chini ya bahari na itachimbwa kwa kiasi fulani na kwa muda fulani. Vijana watakaoichimba wataishi baada yake. Tuwafundishe wakati mitambo ingali inafanya kazi na walimu wa fani wangali wapo, maana hatutapata tena darasa kama hilo litakapofungwa.